Mwalishi wa Mji Usio na Sultani

Mtu ni nyumba, au ni njia zilizo baina ya nyumba?

Swali hili lilimjia Bi Kazija akiwa amelala chali ndani ya mtambo wa hospitali, kichwa kimebanwa kwa mito midogo ya sponji kama yai linalosafirishwa, na kabla hajalijibu aliona adabu ni kulicheka kwanza. Kwa sababu kama mtu ni nyumba, yeye hana kesi. Nyumba zake zote zimesimama, kuta zimepakwa chokaa, na ndani mna watu. Lakini kama mtu ni njia, basi hapo pana maneno. Na maneno hayo ndiyo yaliyomleta kwenye tumbo hili la chuma linalogonga ko-ko-ko kama seremala mwenye hasira, akaambiwa avue vipini vya masikioni, avue kipini cha pua, asitikisike, asiseme. Asiseme! Yeye!

Maana Bi Kazija alikuwa mwalishi. Katika mji ule, ambao hauna jina kwa kuwa kila aupitaye huuita kwa jina lake mwenyewe, arusi haikuwa arusi mpaka mwalishi apite nyumba hata nyumba, asimame kizingitini, amtaje mwenye nyumba kwa jina, ndipo aseme ya arusi. Kadi zilikuwapo. Simu zilikuwapo. Watu walizipokea na kuzitazama kama mtu mwenye njaa atazamavyo picha ya biriani. Asiyetajwa jina mlangoni kwake hakualikwa, asiyealikwa haji, na asiyekuja hasemi na wenye arusi mpaka mmoja wao afe, na hata hapo huenda matangani akakaa nyuma kabisa, amenuna, anakula halua ya watu.

Kwa hiyo mji ule ulishikana kwa mdomo wa Bi Kazija. Nyumba zilikuwa mawe na chokaa tu. Aliyezifanya mji ni yeye na kandambili zake. Alilijua hilo, na unyenyekevu hakuwa nao wa kulificha. "Sultani ana mizinga," alizoea kusema, "lakini hebu aalike watu bila ya mizinga, tuone jamvi lake litakaliwa na nani."

Basi ikatokea kwamba Bi Kazija akaalika arusi iliyokwisha kuliwa.

Alipita mtaa mzima, mlango kwa mlango, kila mtu kwa jina lake, hakukosea hata moja; akaalika vizuri kabisa, kwa madaha, arusi ya msichana ambaye alikwisha olewa, akazaa, na mtoto wake wa kwanza alikwisha ota meno ya ukubwani. Na watu kwa kuwa walimwamini Bi Kazija kuliko walivyoziamini kalenda, wakavaa. Wakajifukiza udi. Wakaja na marashi yao na watoto wao, wakamkuta biharusi amejifunga kanga kifuani, anafua, mapovu mpaka viwikoni. Wakatazamana. Wengine wakasema labda anaachwa na kuolewa tena. Mwishowe biharusi yule akacheka mpaka akakaa chini, akaisukuma ndoo kando, akasema, "Mradi mmekuja!" Pakapikwa. Pakachezwa. Mume aliporudi kazini alikuta anamwozesha mkewe mwenyewe, akaulizwa mahari.

Siku hiyo watu walisema haijatokea arusi tamu kama ile. Lakini Salha, binti wa Bi Kazija, hakucheka. Salha alikuwa na binti yake, Ruzuna, na Ruzuna anaolewa kweli, si kwa kukumbukwa. Akamkalisha mama yake kitako.

"Mama, safari hii tutatuma ujumbe kwa simu. Na mtu mwingine atapita milangoni."

"Mtu mwingine nani?"

"Tutampata."

"Mjukuu wangu aolewe kwa mtetemo wa simu, kama mtu anayedaiwa? Salha, mimi nilipita milangoni kwa ajili yako wewe, na wewe ulikuwa hata huna sura ya kuolewa."

"Mama!"

"Nasema kweli. Nilialika kwa nguvu ya ulimi."

Wakabishana, wakanyamaza, wakabishana tena, na mwisho Salha akaweka sharti: mama aende akapimwe kichwa, akirudi, wataondoka pamoja mpaka nyumba moja ambayo Salha mwenyewe ataichagua. Akimtaja mwenye nyumba kwa jina, milango yote iliyobaki ni yake. Asipomtaja, basi, atakaa jamvini na wageni, atapewa sahani yake kama wengine, na ualishi umekwisha.

Sahani kama wengine! Bi Kazija afadhali angeambiwa atakufa, kwa kuwa kufa hakuhitaji mtu akupakulie.

Ndiyo hivyo amelala. Ko-ko-ko. Na katika kule kulala, kwa kuwa mwili ulikatazwa kwenda, yeye akaenda.

*

Aliingilia sikioni mwake mwenyewe, ambako ndiko habari zilikozoea kuingilia. Akajikuta mjini. Ulikuwa mji uleule, na haukuwa uleule. Nyumba zilikuwa na joto, na chini ya ardhi palikuwa na mvumo, kama jungu kubwa lililofunikwa. Kwenye njia ya kwanza alikutana na mtoto wa kike wa miaka saba, kichwani ana mtungi wa maji, goti limechubuka. Bi Kazija akalitambua goti, lake mwenyewe. Akasimama, akawaza: nani amwamkie nani? Mimi nina mvi, ndiyo. Lakini huyu alikuja duniani kabla yangu. Huyu alikuwa hapa zamani, mimi nimefika juzi tu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema Bi Kazija.

"Marahaba," alisema mtoto, bila ya mshangao, akapita na mtungi wake.

Akafika Mtaa wa Sura. Huko sura za watu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kama nguo, zinapepea, zote zinacheka, na Bi Kazija alizijua moja moja: huyu hali pweza, huyu akicheka hufunga jicho la kushoto, huyu mumewe alimuacha kwa sababu ya kukoroma, na aliyekoroma ni mume. Hakuna hata sura moja iliyopotea. Furaha ilimjaa kifuani, akatanua mabega. "Nani anasema nimesahau watu? Watu wangu wote hawa hapa!"

Lakini mwalishi haaliki sura. Mwalishi anaalika jina, na majina yana mtaa wao upande wa pili wa mji. Baina ya mitaa hiyo miwili palikuwa na njia kuu, pana, ambayo yeye aliipita maisha yake yote bila ya kuitazama, kama mtu asivyoutazama mguu wake. Sasa akaitazama. Majani yalikuwa yameota katikati. Ukuta wa upande mmoja umelala juu ya njia kama mlevi. Mbele kidogo njia ilikuwa nyembamba kama uzi, na mbele zaidi ilikuwa fununu tu ya njia.

Akasimama pale, mkono kiunoni.

Nani amefunga? Kwa amri ya nani?

Miguu yangu ndiyo iliyoichonga njia hii. Nilipita na jua, nilipita na mimba, nilipita na kilio nimekifunga ndani ya mdomo ili niweze kutaja jina la mtu vizuri. Na sasa naambiwa hapapitiki. Kama hapapitiki, yule aliyekuwa akipita ni nani? Yuko wapi? Mimi ni yule aliyesimama huku na sura mkononi? Au ni lile jina lililokaa kule, linasubiri kuitwa, limejipamba, limechoka kusubiri? Au mimi ni majani haya?

Majani hayakujibu. Ni majani.

Akasema, pana mtawala katika mji huu, na nitamfuata mpaka alipo. Akapanda kwenda mtaa wa mbele, ule ulio nyuma ya paji la uso, ambako wakubwa hukaa. Maana katika kila mji, ukiona njia imefungwa, ujue kuna mtu amekaa mahali penye kivuli. Alikuwa amekwisha yapanga maneno yake, makali, yaliyonolewa pande zote mbili.

Akafika barazani. Kiti kilikuwapo, kikubwa, cha enzi, kimenakishiwa. Na juu ya kiti amelala paka.

Hapakuwa na sultani. Bi Kazija akazunguka nyuma ya kiti, akainama, akatazama chini ya kiti, hakuna. Miaka yote aliyosema "mimi," kumbe aliyekaa kitini ni paka! Na hapo angeweza kuogopa, na mtu mwingine angelia. Yeye alicheka kwa sauti, maana hajapata kuona serikali yenye heshima kama ile: mtawala amelala na kazi inakwenda.

Kwa maana kazi ilikuwa inakwenda. Alipoyazoesha macho yake aliona watu, wengi, wametokwa na jasho, wanapitishiana mizigo mkono kwa mkono. Njia kuu imeziba, basi wao wanapitia jikoni. Wanapitia mapaa. Wanapitia milango ya uani, vichochoro, madirisha ya vyoo. Na hawakuwa wachukuzi wa asili. Alimtambua yule ambaye kazi yake ilikuwa kuonja chumvi. Alimwona mwenye kazi ya kuona haya, amekunja mikono ya kanzu, amebeba jina la mtu mabegani. Alimwona anayekumbuka nyimbo, na anayejua kama mvua itanyesha, na hata yule mvivu anayekaa na uchungu wa kuumwa na jino. Wote wameacha vibanda vyao wamekuja kubeba.

"Nani kawaamuru?" aliuliza Bi Kazija.

"Kutuamuru?" Mwonja chumvi alijipangusa uso. "Hakuna. Tuliona njia imeziba na mizigo imelala. Tukasema, tupitishe kwangu. Mwenzangu akasema, basi na kwangu."

"Na hamkuniambia?"

"Bibi, ungetutungia mzaha."

Ni kweli, angewatungia. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Mnachoka?"

"Tunachoka. Zamani kazi hii aliifanya mtu mmoja naye amekaa. Sasa sote tunakimbia, na jina linafika limechelewa, na mara nyingine linafika la mtu mwingine. Ile arusi iliyokwisha kuliwa, Bibi, utusamehe, ni sisi. Tuliipitisha kwa mlango wa nyuma, tukasahau kuipangusa vumbi."

"Ilikuwa arusi nzuri."

"Ndiyo tulivyosikia."

"Na vichochoro hivi, navyo vitaziba?"

Wachukuzi wakatazamana. Mwenye kuona haya akainamisha kichwa, kama desturi yake. Hakuna aliyemdanganya. Ko-ko-ko, ulisema mtambo kutoka mbinguni.

Sasa sikilizeni. Bi Kazija alizaa, akalea, akazika. Aliwahi kusifiwa na akina mama walioozesha mabinti saba, aliwahi kuvishwa kanga mpya mbele za watu. Lakini hajapata kujivuna kama alivyojivuna pale, mbele ya kiti chenye paka, akiutazama ule msururu wa watu wake wanaobeba bila ya amri, bila ya ujira, bila ya mtu wa kuwapigia vigelegele. Kwa hiyo aliwapigia yeye. Alitia mkono mdomoni akapiga kigelegele kirefu, kikapanda, kikagonga fuvu, kikarudi.

Ndipo sauti ikasema, kutoka mahali pasipo mjini: "Bibi, tafadhali usitikisike."

*

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na aliwaonyesha picha: vitone vingi, na baina ya vitone nyuzi, nyingine nene, nyingine zimefifia.

"Ulitikisika kidogo, Bibi, lakini picha imetoka."

"Nilikuwa napongeza watu," alisema Bi Kazija.

Salha akafumba macho.

Daktari hakucheka wala hakukunja uso. Alieleza taratibu, kama mtu anayemimina uji wa moto. Alisema kumbukumbu imepata hitilafu, ndogo bado. Haijawa ule ugonjwa mkubwa wa kusahau, wala si uzee mtupu, ni kitu kilichokaa katikati. Huku nyuma na huku ndani, nyuzi zimelegea, sehemu hazizungumzi kama zamani. Lakini huku mbele, tazameni, nyuzi zimeongezeka. "Sehemu hizi zimeanza kusaidia kazi ambazo si zao. Kwa wengine huwa hivyo. Ubongo unatafuta pa kupitia."

"Kupitia jikoni," alisema Bi Kazija.

"Naam?"

"Endelea, mwanangu."

"Ni jambo la kusifika, Bibi. Lakini siwezi kukuahidi kwamba litadumu. Huenda likadumu miaka. Huenda likapungua. Tutakuangalia."

Salha akauliza kwa haraka, "Basi aache kualika watu?"

Daktari alitazama picha, kisha akamtazama Bi Kazija. "Mimi naweza kusema uzi upi umelegea. Nani apite milangoni ni shauri lenu. Ila kukaa ndani peke yake hakutamsaidia."

Njiani Bi Kazija alitembea kama mtu aliyepewa nishani. Salha alitembea kama mtu aliyeibeba.

*

Nyumba aliyoichagua Salha ilikuwa na ngazi kizingitini, na mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya ngazi, anatafuna tambuu. Mwanamke mzito, magoti mabovu, ulimi mzima. Hakuna mtu mtaani ambaye hajagombana naye, na wengine waligombana naye mara mbili ili wahakikishe. Salha alimchagua kwa hila: mtu kama huyu, jina lake halisahauliki, na likisahaulika, hapana tena cha kubishania.

"Hodi," alisema Bi Kazija.

"Mlango uko wazi na mimi mwenyewe nimekaa, unabisha hodi nini? Karibu."

Sura ilikuwapo. Sura ilikuwapo yote, mpaka kovu la kidevu. Bi Kazija akanyoosha mkono kuelekea kwenye jina, na njia ikamwishia chini ya miguu. Majani.

Dirisha la jirani likafunguka. Na la pili.

"Umesimama kama mnara wa msikiti," alisema mwanamke. "Umekuja kualika au umekuja kuadhini?"

"Nakuja. Ngoja."

"Nisubiri mwalishi mlangoni kwangu, naye keshafika? Au unanialika arusi ya Adamu na Hawa, unatafuta tarehe?"

Watu madirishani wakacheka. Salha akapiga hatua moja mbele, akamshika mama yake mkono, si kwa ubaya. "Mama," alinong'ona, "basi. Twende zetu."

Bi Kazija akautoa mkono wake taratibu. Njia kuu imeziba. Haya, tupitie uani. Akafumba macho. Chumvi, mwonja chumvi, una nini? Achari ya ndimu, kali, mama yake huyu ndiye aliyeitengeneza, watoto wote tulikuwa tukiilamba vidole. Pokea. Nyimbo, una nini? Wimbo wa kuruka kamba, na huyu anaruka juu kuliko wote, anakataa kutua. Pokea, mwenzangu, pokea. Na wewe unayeona haya, mbona umejificha, una nini hapo mgongoni? Chuoni, kwenye Kurani. Jamvi. Huyu alijikojolea mbele ya mwalimu, na mimi nikaumwaga mtungi wa maji jamvini, wote tukalowa, nikachapwa mimi, na mtu hakujua mpaka leo. Usione haya, lete. Mkono kwa mkono. Jioni. Dirisha la juu. Mwanamke ametokeza nje mpaka kiunoni, anaita mtoto wake arudi ndani, anaita, anaita, na sauti yake inapita juu ya mapaa yote ya mji...

Bi Kazija akafumbua macho.

"Kishada," alisema.

Tambuu ikasimama mdomoni mwa mwanamke.

"Kishada, binti wa mama wa dirisha la juu, tiara usiyetaka kutua," alisema Bi Kazija, na sasa sauti ilikuwa ile yake ya kazi, pana, yenye madaha, inayofika madirishani bila ya kupiga kelele, "nimesimama kizingitini kwako kwa niaba ya Salha binti yangu. Ruzuna anaolewa. Unaitwa, wewe kwa jina lako, na nyumba yako yote."

Hakuna aliyecheka. Wale wa madirishani walitazamana, hawakulijua jina lile. Mwanamke alitema tambuu pembeni, polepole, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga, kisha pindo lilelile likapanda juu mpaka machoni, likakaa huko.

"Aliyeniita hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba ajabu kwa mwili ule, "tumemzika mimi nikiwa sijavunja ungo."

"Najua. Nimepita kwake sasa hivi."

"Hajambo?"

"Anakuita urudi ndani, giza linaingia."

Mwanamke akacheka na kulia kwa pamoja, akashikilia ukuta, akainuka, magoti yakilalamika. Akasimama wima juu ya ngazi yake. Na hapo Salha, ambaye sharti lilikuwa lake na alitaka kulitimiza kwa haki, akasema kwa upole, "Lakini, Shangazi, hilo si jina lako. Jina lako ni—"

"Nyamaza wewe!" alisema mwanamke. "Hilo jingine nililiandikisha ili watu wapate cha kunisemea. Hili nilipewa." Akamgeukia Bi Kazija. "Nitakuja. Na nitakaa mbele. Waambie wanipikie achari."

"Watakupikia, Kishada."

Wakaondoka. Salha alitembea nyuma, kisha ubavuni, kisha akatangulia, akasimama katikati ya kichochoro akamgeukia mama yake. Alitazama uso ule kwa muda, mvi zile, kipini cha pua kilichorudishwa upande upande kwa haraka ya kutoka hospitali.

"Mama. Jina lake lile la kila siku, unalijua?"

"Silijui," alisema Bi Kazija, kifua mbele, kama mtu anayetaja ukoo wake. "Na hili pia, kesho labda litakuwa limeondoka. Leo lipo. Sogea, mwanangu, umesimama njiani na mimi nina watu wa kuwaita."

Salha akasogea, mgongo ukutani, akampisha.